Siku Niliyopewa Mji wa Kilimbiko

Sogeeni karibu, na mwenye uji jikoni akapunguze moto kwanza, maana nikianza sipendi kukatizwa na harufu ya kuungua.

Palikuwa na nchi. Jina lake nililiandika kwenye kipande cha karatasi nisije nikalisahau, halafu karatasi hiyo hiyo nikaifungia chumvi nikampelekea jirani. Kwa hiyo tuiite Nchi Ile. Haiko mbali. Wala haiko karibu sana, msianze kutazamana. Ni nchi nzuri, ina milima, ina mito, ina viongozi wengi kuliko mito, na watu wake wanapenda amani na vikao.

Nchi Ile ilikuwa na desturi moja niliyoipenda sana kwa sababu ilitufundisha subira. Kitu chochote cha Serikali hakiwi kitu mpaka kizinduliwe. Unaweza kukiona kwa macho, unaweza hata kujikwaa nacho ukang'oka ukucha, lakini kama mgeni rasmi hajaja na mkasi akakata utepe, kitu hicho hakipo. Ilikuwa sheria kabisa, ina vifungu, na vifungu vyenyewe vina vitoto.

Kijijini kwetu Kilimbiko tulikuwa na daraja zuri la zege lenye utepe huku na utepe kule. Sisi tulipita chini yake, mtoni, nguo tumezipandisha magotini, tukilishukuru daraja kwa kivuli. Sokoni tulikuwa na choo cha kisasa chenye vigae vyeupe. Kilikaa na utepe mwaka mmoja na miezi minane. Mtu akizidiwa alikwenda kukitazama, akapata faraja kidogo, kisha akakimbilia migombani.

Sikulalamika. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na darasa la saba la zamani tulifundishwa kwamba mkubwa akichelewa ana sababu zake.

*

Basi Serikali ya Nchi Ile ikaanza kuwawaza watoto wa kike. Iliwawaza miaka mitatu, katika hoteli nne. Wataalamu wakagundua kwamba wasichana wengi wanamaliza shule ya msingi halafu hawaendelei, na sababu mojawapo ni kwamba sekondari ziko mbali. Sisi Kilimbiko jambo hilo tulikuwa tunalijua kwa miguu, lakini tulifurahi kusikia limegunduliwa rasmi.

Ukaanzishwa Mpango Kabambe wa Taifa wa Kumfungulia Mlango Mtoto wa Kike. Jina lilikuwa refu hata mtangazaji wa redio alilazimika kuvuta pumzi katikati, na kila alipovuta pumzi tulidhani ametangaza kifo.

Na kweli wakajenga, siwezi kusema uongo. Shule ya Sekondari ya Wasichana Kilimbiko ilisimama pale juu ya kilima, vyumba vinane, bati jekundu, ubao usio na ufa hata mmoja, madawati yananukia vanishi mpaka unapiga chafya. Vitabu vilikuja na lori. Mwalimu aliletwa, Mwalimu Nambua, binti mdogo mwenye miwani na sanduku lililojaa chaki. Wasichana arobaini na mmoja wakachaguliwa kuanza kidato cha kwanza mwezi wa Januari.

Mmoja wao alikuwa Sikudhani, mjukuu wangu ninayemlea. Miaka kumi na minne, miguu mirefu kama ya korongo, na ugonjwa wa kusoma. Sikudhani anasoma mpaka maandishi ya gunia la sukari. Nikimtuma dukani anachelewa kwa sababu amesimama anasoma tangazo la dawa ya mende.

Siku ya kwanza aliamka mapema, sare imenyooka, viatu vinang'aa. Akafika kilimani, akakuta mlango wa shule umezungushiwa utepe wenye rangi za taifa, na mbele yake amesimama mgambo Kanyoe, kirungu mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ishia hapo hapo."

"Nimekuja shule."

"Nakuona. Ila shule bado haijafika."

"Na hii ni nini, mjomba?"

"Hilo ni jengo," akasema Kanyoe kwa upole, maana si mtu mbaya. "Litakuwa shule akija Mheshimiwa Waziri kukata. Anakuja wiki ijayo."

Wiki iliyofuata Waziri hakuja, alikuwa anazindua Kamati ya Uzinduzi. Februari alifika mpaka mjini, ikagundulika kwamba mkasi wake wa dhahabu wa kukatia utepe umesahaulika, akarudi kuufuata yeye mwenyewe na magari kumi na moja. Machi alipata mafua, na Taifa zima likaombwa kujifunika vizuri.

Msidhani wasichana walikaa bure. Wizara iliagiza wafanye mazoezi ya kumpokea mgeni, na mazoezi hayo yahesabiwe kama masomo. Kwa hiyo kila asubuhi walisimama uwanjani juani wakaimba "Karibu Mheshimiwa, Mlango Umefunguka," beti tisa. Jumatatu walisoma Wimbo, Jumanne Vigelegele, Jumatano Kupunga Vibendera. Mwalimu Nambua alijaribu siku moja kuandika hesabu kwenye ukuta wa nje kwa chaki. Ukaja waraka kutoka wilayani: kufundisha nje ya jengo ni kulidhalilisha jengo. Akafuta kwa khanga yake, machozi yakimlengalenga.

Sikudhani alirudi nyumbani siku ile akatupa kibendera kwenye kuni.

"Bibi, mimi nimeshajua kupunga. Nimepunga miezi mitatu. Lini nitajua kitu kingine?"

 Mimi nina vitendawili tu.

*

Sasa sikilizeni penye kichomi. Mpango ule ulikuwa na siku ya mwisho ya uandikishaji, tarehe thelathini na moja Machi, saa kumi alasiri. Afisa anakuja na daftari kubwa, anaita jina, na msichana anatakiwa aitike akiwa amekaa kwenye dawati lake, ndani ya darasa lake. Asiyeandikwa siku hiyo, nafasi yake inafutwa kabisa, haombi tena, na mbele ya jina lake yanaandikwa maneno haya: "Ameacha shule kwa hiari yake."

Mtoto ambaye hajaingia, ameacha. Nililisoma tangazo lao lililobandikwa sokoni mara mbili nikavua miwani nikaifuta, nikidhani kosa ni la miwani.

Tarehe ishirini na nane akaja Mkuu wa Wilaya mwenyewe kukagua maandalizi. Aliitwa Mheshimiwa Ndelakwao, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani myeusi asiyoivua hata akiwa ndani ya nyumba. Alinikuta nimekaa mstari wa mbele na mvi zangu zote, akasimama kusubiri nimwamkie. Na mimi nikasubiri. Tulisubiriana vizuri tu mpaka mwenyekiti wa kijiji akakohoa.

Nyuma yake alikuja karani wake, Bwana Shebughe, mwembamba kama kalamu yake. Huyu lazima niwaeleze, maana bila yeye hakuna hadithi. Katika Nchi Ile, kila neno litokalo kinywani mwa mkubwa kikaoni huandikwa kwenye muhtasari, na kazi ya karani ni kuandika, si kuelewa. Kikao cha mwaka juzi kiliandikwa: "Mheshimiwa alipiga chafya mara mbili. Wajumbe waliafiki." Mkubwa naye huweka sahihi na muhuri juu ya boneti ya gari, gari likiwa linanguruma, bila kusoma, kwa sababu kusoma ni kwa wale wasio na madaraka. Na muhtasari ukishapigwa muhuri, hautenguliwi ila na kikao kingine, na kikao kingine ni baada ya miezi mitatu.

Mheshimiwa akasimama.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu sikivu imesikia, inasikia, na itaendelea kusikia! Leo hii, ukitazama mtoto wa kike wa Kilimbiko, unamwona amesimama wapi? Amesimama mlangoni! Mwaka jana alikuwa hana hata mlango wa kusimama! Haya si maendeleo?"

Tukapiga makofi. Makofi hatukuyaonea uchoyo, tulikuwa na mengi.

Sikudhani akanyoosha mkono. Nikamfinya, hakusikia.

"Shikamoo Mheshimiwa. Tarehe thelathini na moja tunaandikishwa tukiwa ndani. Waziri hajaja. Tutaingiaje?"

"Swali zuri sana binti. Utaratibu upo."

"Tukiingia dirishani?"

"Kiutawala, dirisha ni sehemu ya mlango."

"Tukiyatoa madawati nje?"

"Madawati bado yana nailoni. Nailoni nayo haijazinduliwa."

"Basi tarehe isogezwe mbele, Mheshimiwa, siku chache tu."

Hapo Mheshimiwa Ndelakwao alicheka kwa huruma. "Binti yangu, tarehe haiwezi kuguswa. Tarehe ilizinduliwa na Waziri mwenyewe, hotelini, mbele ya wahisani. Katika Mpango huu wote, ni tarehe peke yake iliyozinduliwa."

Bwana Shebughe akaandika. Wasichana arobaini na mmoja, waliokuwa wamepangwa mistari mitatu na vibendera vyao, wakatazama chini wote kwa pamoja, kama majani yaliyopigwa na jua. Mjukuu wangu alikaa. Hakulia. Heri angelia, ningejua la kufanya.

*

Kikafika kipengele cha mwisho cha kikao, kile kinachoitwa Mengineyo. Jua kali, watu wameinama. Nikaona haya kwa mgeni wetu, ameacha ofisi yake yenye feni amekuja kutusikia, na sisi tumenuna. Nikasema nichangamshe kikao. Hilo tu lilikuwa lengo langu, mwulizeni yeyote.

Nikasimama. "Mheshimiwa, kitendawili!"

Mheshimiwa alitazama wapiga picha wake, akaona ni nafasi nzuri ya kuonekana mtu wa watu. Akatanua mikono. "Tega, bibi yangu! Tega!"

"Kamba yangu haiwezi kumfunga hata kifaranga, lakini imezuia ndama arobaini na mmoja."

Watoto walielewa kabla sijafunga mdomo. Mmoja akaangua kicheko, mama yake akamziba. Kanyoe mgambo alitazama juu kilimani, kisha akatazama viatu vyake. Mheshimiwa alishika kidevu.

"Hiyo nyepesi. Ni umaskini!"

"Hapana, baba."

"Mila potofu!"

"Hapana."

"Basi ni wazazi. Wazazi wa huku hamna mwamko."

"Wazazi ndio hawa hapa, baba, wameamka tangu alfajiri wakusubiri wewe."

Watu wakacheka, na yeye akacheka, ila kicheko chake kilikuwa na kona. "Buibui? Utando wa buibui? Mto? Basi, nimeshindwa."

"Umeshindwa? Nipe mji."

Mnaijua desturi yetu, aliyeshindwa humpa mtegaji mji, mtegaji akiupenda hutoa jibu, asipoupenda huomba mwingine. Mheshimiwa akanipa makao makuu ya nchi.

"Ule siutaki, baba. Una foleni, na watu wake hawaamkiani."

Akanipa mji wa bandarini.

"Joto. Mimi mtu wa mlimani, nitapata vipele."

Akanipa mji wa kule kwenye machimbo. Nikasema nimezeeka, siwezi vumbi. Watu sasa walikuwa wanajigalagaza. Jasho likamshuka Mheshimiwa chini ya miwani yake, na wapiga picha wake walikuwa wanacheka pia, wasaliti wale.

"Unataka mji gani basi, bibi?"

"Wa karibu tu, niuone. Nipe hapa hapa Kilimbiko."

"Chukua!" akapaza sauti, akarusha mikono. "Chukua Kilimbiko yote! Chukua na daraja lake, na choo chake, na shule yake, ni vyako! Umeridhika?"

"Nimeridhika, baba. Mungu akuzidishie."

Bwana Shebughe akaandika. Nilisikia kalamu yake kutoka pale niliposimama, krr krr krr, akaweka nukta.

"Haya sema jibu," akasema Mheshimiwa.

"Naenda kwanza kuutembelea mji wangu, baba. Nikirudi nitakujibu."

Hakuwa na muda wa kubishana, alikuwa na kikao kingine wilaya ya pili. Akaweka sahihi juu ya boneti, muhuri ukagongwa, nakala akaachiwa mwenyekiti wa kijiji, vumbi likatimka.

*

Asubuhi yake nilivaa khanga mpya nikapanda kilimani. Sikudhani na wenzake walinifuata kwa mbali, na Mwalimu Nambua, na mwenyekiti ameshika muhtasari kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Kanyoe akasoma. Kipengele cha Mengineyo, sehemu ya tatu: "Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya alimpa Bibi Mwanjaa, mkazi wa Kilimbiko, kijiji cha Kilimbiko pamoja na daraja, choo na shule. Bibi aliridhika." Akasoma muhuri. Akaukuna kwa ukucha, haukutoka.

"Kwa hiyo bibi, huu mlango ni wako?"

"Ndivyo ninavyoambiwa."

"Na mtu hazinduliwi nyumba yake."

"Sijawahi kuona, baba. Mimi jiko langu niliingia tu."

"Basi mimi namlindia nani hapa?"

"Unanilindia mimi. Kaa kitako mwanangu, miezi mitatu umesimama."

Kanyoe alikaa kwenye ngazi, akashusha pumzi ndefu mpaka nikamwonea huruma.

Nikausogelea utepe. Kuukata ni kosa, kuna kifungu, na mimi mkasi nilikuwa sina. Lakini nilipoinama nikaona kitu ambacho katika Nchi Ile hakuna aliyewahi kukitazama: utepe ulikuwa umefungwa kwa fundo. Fundo la kawaida kabisa, lile la kufungia mzigo wa kuni. Nikavuta ncha moja. Ukafunguka.

Nikaukunja, nikampa Mwalimu Nambua. "Futi yenu hiyo. Mliniambia hamna ya kupimia."

Sasa, watoto wale, kumbe mazoezi yamewaingia! Badala ya kukimbilia ndani walijipanga mistari wakaanza "Karibu Mheshimiwa, Mlango Umefunguka." Nikawaambia nyamazeni, ingieni, Mheshimiwa mwenyewe ndiye mimi na miguu inaniuma.

Daraja nililifungua siku ile ile. Choo nilikifungua mchana, na heshima niliyopewa sokoni siku hiyo sijawahi kupewa tena.

*

Tarehe thelathini na moja afisa wa uandikishaji alifika na daftari lake, mtu wa haraka, anatazama saa kila mstari. Akakuta arobaini na mmoja wamekaa. Alinigeukia mimi niliyekuwa nje dirishani.

"Shule imezinduliwa?"

"Imetolewa, baba. Soma hapo."

Akasoma. Akafungua fomu yake. "Kwa hiyo siyo ya Serikali. Ni ya mtu binafsi. Mmiliki ameteuliwa au amepewa?"

"Nimepewa."

"Elimu ya mmiliki?"

"Darasa la saba."

"Hapa kwenye fomu nafasi inaanzia shahada."

"Basi paruke, baba. Mbona sisi mmeturuka miaka mingi na hamkudhurika?"

Akatazama saa. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Akaparuka.

Akaanza kuita majina. Kila mmoja aliitika "Nipo!" kwa sauti ya beti tisa, kuta zikarudisha. Saa kumi kasoro dakika tano akaita, "Sikudhani Kaoneka."

Kimya.

"Sikudhani Kaoneka!"

Kimya. Afisa akashusha kalamu kuelekea ile nafasi ya "kwa hiari yake." Nikachungulia. Mjukuu wangu alikuwa pale pale, dawati la pili, kafungua kitabu cha jiografia, mkono shavuni, midomo inacheza. Hayupo. Yuko kwenye barafu huko kwenye ncha ya dunia anasoma.

Nilipiga kioo cha dirisha mpaka kikapata ufa, na ufa ule upo mpaka leo.

"Nipo!" akaruka. "Samahani, nipo! Nipo!"

"Mara moja inatosha," akasema afisa, akaandika.

*

Ilimchukua Mheshimiwa Ndelakwao siku tisa kujua amenipa nini. Akaja mbio. Safari hii aliniamkia yeye.

"Shikamoo, bibi yangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mjini kwangu."

"Bibi, ule ulikuwa mchezo tu. Nirudishie Kilimbiko. Waziri amepona mafua, mwezi wa sita anakuja kuzindua shule. Na shule ina watu ndani!"

"Nitakurudishia leo hii, baba. Nipe jibu la kitendawili tu. Mtu akitegua, mji wake haurudi?"

Alikaa kwenye kigoda changu mpaka chai ikapoa. Akajaribu njaa, mvua, ukabila na wapinzani. Nikamsaidia, nikamwambia ni kitu chembamba. Akasema bajeti. Akaondoka amekunja uso, na wiki iliyofuata nikasikia redioni kwamba wilaya imeunda Kikosi Kazi cha Kitendawili, wataalamu kumi na wawili, siku tano, hoteli yenye bwawa. Taarifa yao niliyoletewa ilikuwa na kurasa tisini, ikahitimisha kwamba jibu ni mabadiliko ya tabianchi, na wakapendekeza utafiti zaidi.

Nikamrudishia taarifa ile na ndizi mkungu mmoja. Mabinti wakaendelea kusoma. Aprili wakafika kwenye sehemu na desimali. Mei walipima darasa lote kwa futi yao, ambayo Sikudhani alikuwa ameipiga alama za wino kila sentimita kumi, mpaka uwanja wakaupima, mpaka Kanyoe mgambo wakampima amelala.

*

Waziri alikuja tarehe ishirini na sita Juni, siku nne tu kabla ya kile kikao kingine. Magari kumi na saba. Bendi. Mkasi wa dhahabu ulipanda gari lake peke yake, umelazwa kwenye mto wa hariri. Mheshimiwa Ndelakwao alikuwa ametangulia, anakimbia huku na huku, anawapanga watu, anawapanga mbuzi.

Wasichana hawakuwa uwanjani. Walikuwa ndani, kipindi cha jiografia, na Mwalimu Nambua alikuwa amesema kipindi hakikatizwi mpaka kengele.

Waziri akashuka. Akapewa mkasi. Akaunyanyua juu wapiga picha waone, akatembea kwa madaha mpaka mlangoni, akapanua mkasi. Akabaki ameupanua.

Hapakuwa na kitu.

Bendi ikapungua, tarumbeta moja moja. Waziri akamgeukia Mkuu wa Wilaya. Mheshimiwa Ndelakwao akaupapasa mlango juu, akaupapasa chini, akavua miwani yake myeusi kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, na maskini ana macho mazuri tu. Akageuka kwetu, akapiga ukelele:

"Utepe! Utepe uko wapi? Utepe jamani! Utepe!"

Nikasimama mstari wa mbele nikampigia makofi.

"Hongera, baba! Umetegua! Nami sina hiana, chukua mji wako."

Kilimbiko yote ikashangilia. Yeye akabaki mdomo wazi, na nikaona jibu linamwingia polepole, kwanza kamba, halafu kifaranga, halafu wale ndama arobaini na mmoja, akatazama dirishani akawahesabu kwa midomo.  Bwana Shebughe alikuwa tayari ameandika: "Bibi alirudisha mji."

Mwalimu Nambua akachungulia, akatoa futi ya hisabati. Nikaifunga mlangoni mwenyewe, fundo lile lile. Waziri akakata. Alikata kwenye sentimita ya mia moja na sitini na tatu, ambayo ndiyo urefu wa Kanyoe, basi tukamwonea Kanyoe huruma. Bendi ikalia. Mlango ukafunguliwa na Waziri akaingia na mkasi wake, akakuta wasichana arobaini na mmoja wameinamia vitabu, ukurasa wa tisini na sita.

Akawageukia waandishi wa habari, sauti inatetemeka. "Mnaona wenyewe! Nimekata sasa hivi! Haijapita dakika moja, na tayari wako ukurasa wa tisini na sita! Ni nchi gani nyingine imefikia kasi hii?"

Hakuna aliyempinga. Kasi ilikuwa kubwa kweli.

Kisha akatembea mpaka mbele ya darasa, akasimama katikati, akaweka mkono begani kwa mtoto wa dawati la pili, na kamera zote zikasogea.

"Binti, uliambie Taifa. Unajisikiaje leo, baada ya Serikali kukufungulia mlango?"

Sikudhani alisimama, maana nimemlea na adabu.

"Shikamoo Mheshimiwa. Nashukuru. Naomba usogee kidogo kushoto, umeziba ubao."

Akasogea. Katika historia yote ya Nchi Ile, hiyo ndiyo mara ya kwanza mkubwa kusogea, na haimo kwenye muhtasari wowote. Nilimtafuta Bwana Shebughe nimwambie aandike. Nikamwona ameketi dawati la nyuma kabisa, magoti yamebanwa, ameinamia karatasi, kalamu yake inakwenda krr krr krr. Nikachungulia juu ya bega lake. Alikuwa ananakili ramani ya mito, na safari hii, mara kwa mara, alikuwa anasimama kwanza kufikiri.